Wifi Asiyekunywa Chai

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, wifi yangu alinipita kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye mwinuko wa barabara ya kwenda Mwatate, pale safu za mkonge zinapoanza, na nilisikia viatu vyake kabla sijamwona. Hakunipita kwa kishindo. Alinipita kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, akasema, "Pole, wifi," kisha akawa mgongo tu, fulana ya kijani iliyozidi kuwa ndogo mbele yangu.

Lililoniuma ni hilo neno pole. Pole huambiwa mgonjwa, mfiwa, au mtu aliyejikwaa. Mimi nilikuwa nakimbia.

Wifi huyu ni mke wa ndugu yangu mdogo. Watu wake ni wa magharibi ya nchi. Baba yake alikuja Voi na kazi ya reli na hakurudi tena kwao. Ndugu yangu naye ni mtu wa reli, yuko safarini zaidi ya anavyokuwa nyumbani, kwa hiyo boma letu ni la wanawake watatu. Mama, aliyeteremka kutoka Ronge magoti yalipokataa vilima, ndiye mwenye boma. Wifi ndiye mwenye jiko. Mimi nilirudi pale ndoa yangu ilipokwisha, nikapewa chumba cha nyuma, na nikakuta kila kitu kingine kimeshapata mwenyewe.

Isipokuwa kundi la kukimbia. Hilo lilikuwa langu. Sikufundishwa na mtu. Nilisoma vitabu vya mitumba, nikajaribu mwilini mwangu kilichoandikwa, nikaacha kilichoshindikana, kisha nikawakusanya wanawake saba wa mtaa wetu na kuwapa ratiba. Tulikimbia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kukishapambazuka na si kabla, kwa sababu ya ndovu wanaovuka barabara kurudi mbugani. Wifi alipoomba kujiunga nilimwandikia ratiba yake kwa mkono wangu, ya mtu anayeanza. Aliifuata neno kwa neno. Katika wanawake wote wa kundi lile, ni yeye peke yake aliyenitii kikamilifu, na ni yeye aliyenipita.

Mwaka ule makundi kadhaa ya wanawake wa Taita Taveta yalikuwa yamekubaliana kukimbia mbio za kupokezana vijiti kuzunguka mlima Kasigau, kuanzia Makwasinyi na kumalizia Makwasinyi, wanawake wanne kwa kila kundi. Majina yetu manne yalipelekwa mapema pamoja na ada. Langu lilikuwa la nne, yaani kipande cha mwisho, cha yule anayepokea kijiti upande wa pili wa mlima na kuingia nacho uwanjani watu wakimtazama. Wifi aliandikwa wa akiba, kwa kuwa alikuwa mgeni. Nilikitaka kipande kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu niachike. Mwanamke aliyerudi kwao huingia kila mahali kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kuingia mahali fulani kwa mbele, hata kama mahali penyewe ni uwanja wa vumbi wenye mbuzi.

Ijumaa alinipita tena. Jumatatu alinipita, akapunguza mwendo ili twende pamoja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa katibu wa kundi, kwa hiyo ni mimi niliyekwenda Mwatate kwenye mkutano wa kupanga siku ya mbio. Nilipendekeza Jumamosi. Nilitoa sababu zangu moja baada ya nyingine: ibada za Jumapili, usafiri, watu kupata siku ya kupumzika kabla ya kurudi kazini. Zote zilikuwa sababu za kweli. Sababu ambayo sikuitaja ni kwamba wifi na watu wa kanisa lake husali Jumamosi, na siku hiyo hawezi kukimbia hata akikimbizwa na nyati.

Mama mmoja wa Taveta, mfanyabiashara wa ndizi, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Katibu, umesema vizuri sana," akasema. "Lakini Jumamosi ni siku ya soko kwetu. Nikija huko Kasigau kuzunguka mlima, ndizi zangu utazizungusha wewe?"

Walicheka. Ikawa Jumapili, na ibada ya alfajiri ifanyiwe pale pale uwanjani.

Hapa sina budi kueleza habari ya chai, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Nyumbani kwetu chai si kinywaji tu, ni adabu. Mama huichemsha na maziwa mpaka ifanane rangi na udongo wa Ronge, huijaza kwenye chupa mbili, na chupa hizo hazikauki tangu asubuhi hadi tunapokwenda kulala. Kimanga, kile chakula chetu cha viazi na maharage vilivyopondwa pamoja, hushushwa na chai. Ugali na kunde, chai. Mgeni, chai. Msiba, chai zaidi. Siku ndugu yangu alipomleta mchumba wake, nami nikiwa nimekuja kusalimia, mama alimmiminia kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani, akasema kwa upole kwamba katika dini yao hawanywi majani ya chai.

Nilingoja mama akasirike. Mimi ningekataa kikombe chake ningesikia habari zake mpaka Pasaka. Mama alikwenda jikoni, akarudi na maji ya moto aliyoyakamulia ndimu. Tangu siku hiyo wifi ana bakuli lake la ndimu juu ya kabati, na mama humkamulia kwa mkono wake mwenyewe katika kila mlo. Mimi, mtoto wa kumzaa, sijawahi kukamuliwa kitu.

Nilipoona napitwa kila siku, nilifanya ninachofanya siku zote: nilitafuta sababu kwa utaratibu. Nilianza na viatu. Kisha usingizi. Kisha joto, ingawa joto la Voi lilikuwa lile lile kwetu sote wawili. Nilijua kuna kitu hakiko sawa mwilini mwangu. Moyo ulidunda nikipanda ngazi za kanisa. Mikono ilikuwa baridi mchana wa jua kali. Kucha zilikuwa zimelegea, zinapinda kama karatasi iliyolowa. Na nilikuwa nimeanza kutamani odowa, yale mawe laini ya kula yanayouzwa sokoni kwa mafungu, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Niliyaficha kwenye droo dukani na nikayatafuna kama mwingine anavyotafuna njugu. Sikuyahesabu kuwa dalili. Niliyahesabu kuwa tabia.

Duka ninalofanyia kazi ni la agroveti: mbegu, mbolea, chakula cha kuku, dawa za mifugo. Nimejifunza mengi kwa kusoma maelezo ya chupa. Siku moja mfugaji alikuja kuulizia sindano ya watoto wa nguruwe. Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wote, kwamba vitoto vinavyozaliwa kwenye sakafu ya simenti havina udongo wa kufukua, na maziwa ya mama yao hayana chuma cha kutosha, kwa hiyo visipodungwa sindano ya madini ya chuma siku chache baada ya kuzaliwa hupauka.

"Na nitajuaje kama vimepungukiwa?" akauliza.

"Vinahema haraka bila kukimbia. Masikio yanakuwa meupe. Aliyekuwa na nguvu anaanza kuachwa na wenzake kwenye chuchu."

Nilikuwa nikisema hayo na jiwe la odowa linayeyuka shavuni. Mfugaji alilipa akaenda. Nilifunga droo, nikakaa.

Jioni hiyo nilisoma. Damu hubeba hewa kwa msaada wa chuma. Chuma kikipungua, mapafu yanaweza kuvuta yanavyotaka lakini miguu haipati kitu. Mtu anayefanya mazoezi kila mara hukihitaji zaidi kuliko anayekaa. Kidogo hutoka na jasho, na chembe za damu hupasuka nyayo zinapogonga lami, kilomita baada ya kilomita. Mwanamke ana mwezi wake juu ya hayo, na mwezi wangu, katika umri ule wa kukaribia kukoma, ulikuwa umekuwa mzito kuliko wakati wowote wa ujana wangu. Nilisoma kwamba nyama nyekundu na maini hutoa chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, na kwamba maharage, mboga za majani na nafaka zinacho pia, ila mwili hukipokea kwa shida.

Mtu mwenye akili iliyotulia angefunga kitabu na kwenda kupimwa damu. Mimi niliwaza wifi. Niliwaza: kumbe hiyo ndiyo siri yake. Ana chuma.

Nikaanza kuichunguza sahani yake. Wifi hupika vizuri, hilo silipingi, na hupika vya kwao na vya kwetu. Omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya. Mchicha na kunde. Maharage. Maini siku ya Jumapili. Nilimtazama anavyopakua, kijiko kwa kijiko, na nikapakua vile vile. Akiongeza omena, nami naongeza. Jumapili moja niliona vipande vya maini vichache kuliko nilivyotarajia.

"Wifi, maini mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo, wifi. Ilikuwa robo kilo."

"Robo kilo huwa zaidi ya hapa."

"Yanasinyaa kwenye moto," akasema. Akachukua kipande kimoja kutoka sahani yake akaniwekea kwenye yangu.

Mama alimtazama kwa yale macho yake ya kumsifu mtu bila kusema. Nilikula kipande kile. Nilikiteremsha kwa chai.

Nilikwenda pia kwa kemisti kununua vidonge vya kuongeza damu. Kijana wa pale hakuniuliza nimepimwa wapi, nami sikumwambia sijapimwa. Alivihesabu kutoka kwenye mkebe mkubwa, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika juu yake kimoja mara moja kwa siku. Hakukuwa na boksi wala karatasi ya maelezo ndani. Mimi ninayesoma hata nyuma ya gunia la mbolea, safari hiyo sikuwa na cha kusoma. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba dawa kali haimezwi tumbo likiwa tupu, na kwetu tumbo hufunguliwa kwa chai. Kila asubuhi nilimeza kidonge kwa kikombe kizima cha chai ya mama, ya maziwa, moto. Nilijisikia mtu makini.

Wiki ziliisha, bahasha ikaisha, nikanunua nyingine. Choo kilikuwa cheusi na kigumu, tumbo lilikata, na wifi alizidi kunipita. Sasa alikuwa ananipita mapema zaidi, kabla ya mwinuko, pale tu tunapouacha mji. Hilo ndilo lililonitia wazimu wa kimyakimya. Tunakula sufuria moja. Tunalala boma moja. Namzidi kwa vidonge. Kama chuma ni chuma, changu kinakwenda wapi? Usiku nililala nikiuwazia mwili wake kama mtu anavyowaza shamba la jirani linalopata mvua huku lake likikosa. Nilimwonea wivu kwa mashavu yake. Nilimwonea wivu kwa jinsi anavyoimba akiosha vyombo baada ya kukimbia, na mimi nimekaa kitandani na viatu bado miguuni. Ndugu yangu alipopiga simu aliniuliza, "Huyo mwenzako anasemaje huko barabarani? Nasikia anapaa," na nikampa mama simu.

Wenzangu watatu wa kijiti nao waliona. Mmoja wao, mwalimu wa chekechea mwenye ulimi mkali, alinisubiri siku moja tulipomaliza, wakati ninashika magoti nikitafuta pumzi.

"Katibu, sisi hatusemi kitu."

"Basi msiseme."

"Tunasema tu kwamba kijiti hakimjui aliyeanzisha kundi."

Wa pili akacheka kisha akajifanya anakohoa. Wa tatu, mpole zaidi, akasema, "Dada, Ijumaa tukimbie urefu wa kipande cha mwisho, wote. Ukimaliza, mambo yamekwisha. Hakuna atakayefungua mdomo."

Wifi alikuwa amesimama hapo karibu akifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. "Mimi niko sawa tu na akiba," akasema. "Hata sijaomba."

Nilimchukia kwa kutoomba.

Ijumaa nilikunywa vikombe viwili vya chai na kumeza vidonge viwili. Tuliondoka pamoja. Sitaki kueleza kwa urefu kilichotokea kwa sababu hakikuwa kirefu. Tulipoyafikia mashamba ya mkonge nilisikia masikioni sauti kama ya mawimbi ya redio, miguu ikawa ya mtu mwingine, na nikakaa kwenye kalvati. Sikuanguka. Nilikaa. Niliwaona wakienda, migongo mitano, sita, kisha mmoja wao ukasimama na kugeuka na ukawa uso. Alikuwa wifi, naye ndiye aliyekuwa mbele kuliko wote.

"Endelea," nikamwambia.

"Wifi, midomo yako imekuwa nyeupe."

"Nimesema endelea. Utaharibu muda wako."

"Muda wa nani?" akauliza. Akaisimamisha bodaboda iliyokuwa imebeba madumu ya maziwa, akamshawishi mwenyewe ashushe madumu kando ya barabara kwa nusu saa, sijui kwa maneno gani, na tukapakiana watu watatu hadi zahanati. Alinishika kiunoni njia nzima. Mkono wake ulikuwa na joto kama mkate.

Zahanati walinitoboa kidole, kisha wakachukua damu nyingine kwenye mshipa. Muuguzi, mwanamke wa umri wangu, aliliangalia jibu la kwanza, akaniangalia mimi, akavuta kope langu la chini.

"Na huyu ni mdogo wako?"

"Ni wifi yangu."

"Mwambie akuazime damu," akasema, kisha akaacha mzaha. "Mama, kiwango chako cha damu kiko tisa kasoro. Na unakimbia barabara ya Mwatate nacho. Umewahi kumeza dawa ya kuongeza damu?"

"Namaliza bahasha ya pili. Sijaruka hata siku moja."

Alitua kalamu. "Unaimeza na nini?"

"Na chai."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa. Mama yangu huipika nzito."

"Na chakula? Mboga, maharage?"

"Chai iko hapo."

"Kila mlo?"

"Sisi ni watu wa Taita," nikasema.

Alieleza kwa kifupi, na nilielewa kwa haraka kuliko alivyoeleza. Majani ya chai yana kitu kinachokikamata chuma tumboni kabla mwili haujakipokea, na maziwa nayo hukizuia kwa njia yake. Mawe niliyokuwa natafuna, aliponibana nikayataja, hufanya vile vile. Kitu kichachu kama ndimu au chungwa hufanya kinyume: hukisaidia chuma cha mboga na maharage kuingia. Vidonge vyangu vilikuwa vimepita tumboni kama wasafiri ambao treni haikusimama kwenye kituo chao. Na hata hivyo, akasema, lazima tujue damu inakotoka, kwa hiyo akaniandikia nimwone daktari kuhusu ule mwezi mzito. Vidonge niviendeleze, kimoja tu, kwa maji yenye ndimu, kabla ya kula, na chai ikae mbali na mlo, saa moja au mbili.

"Na mbio?" nikauliza.

"Tembea. Kukimbia ni baada ya kupima tena, na si mwezi huu."

Mbio za Kasigau zilikuwa mwezi huo.

Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi kando yangu wakati wote. Nilimtazama. Alikuwa anaangalia sakafu, na nikajua kwamba anafanya hivyo ili nisione kama ametabasamu au la. Yeye pia alikuwa hajui. Alikunywa ndimu kwa sababu ya dini na kwa sababu mama alimkamulia. Mimi nilikuwa nimehesabu kila kitu alichoingiza kinywani isipokuwa kikombe kile, kwa sababu kikombe kile nilikuwa nimeshakitia kwenye hesabu nyingine, ya mapenzi ya mama, na sikufikiri kwamba kitu kinaweza kuwa katika hesabu mbili kwa wakati mmoja.

Nyumbani nilimweleza mama. Nilimweleza kwa utaratibu, chuma, chai, maziwa, ndimu. Alisikiliza akiwa ameikumbatia chupa yake mapajani.

"Chai hii imemlea bibi yako," akasema, "na alipanda Ronge na mzigo wa kuni mpaka mwaka aliokufa."

"Bibi hakuwa anakimbia, mama. Na hatujui damu yake ilikuwa ngapi."

"Tulijua alikuwa hai." Akakaza kifuniko cha chupa. "Kwa hiyo sasa nina watoto wawili wa Jumamosi."

"Ni saa moja tu, mama. Tukishakula, nitangoja kidogo, kisha nitakunywa."

"Chai ya kungojwa," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Lakini siku hiyo, ugali ulipoletwa, alishusha bakuli la ndimu kutoka kabatini. Alikamua kikombe cha wifi. Kisha akachukua nusu iliyobaki, ile iliyokwisha kuminywa, akakamua cha kwangu. Nilikinywa. Kilikuwa chachu kiasi cha kutosha.

Nilimkabidhi wifi nafasi yangu jikoni, Jumatatu, yeye akichambua mchicha. Hakukuwa na namna nyingine. Jina la wa akiba lilikuwa lake, na kundi lingebaki na watu watatu. Nilimpa jezi ya bluu yenye namba nne mgongoni. Aliiangalia bila kuigusa kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji.

"Tunaweza kujitoa," akasema. "Tuseme mwaka ujao."

"Wenzetu wamejiandaa."

"Wewe ndiye uliyejiandaa kuliko wote."

"Kipande cha mwisho kina mchanga kabla ya uwanja," nikamwambia. "Usiukimbilie kwa vidole. Shusha kisigino. Na usiangalie watu."

Akarudia maneno yangu kwa sauti ya chini, kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha akajipangusa mikono, akaikunja ile jezi vizuri.

Nilikwenda Makwasinyi. Ningeweza kubaki, na mama alinishauri nibaki, lakini kukaa nyumbani na kusimuliwa kungekuwa kubaya zaidi. Baada ya ibada nilisimama penye mstari wa mwisho na chupa za maji, mlima umejaa mbele yangu wote, na nikangoja. Wa Taveta aliingia kwanza, na yule mama wa ndizi akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Wa pili aliyetokea nyuma ya miti alikuwa na jezi ya bluu. Alishusha kisigino kwenye mchanga. Hakuangalia watu. Aliingia kwa mbele, uwanja mzima ukimtazama, kama nilivyokuwa nimejiona nikiingia, na jezi yangu ilikuwa imemkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Nilimpa maji. Wenzetu walimkumbatia, kisha wakanikumbatia mimi, kwa mpangilio huo.

Sikuacha kumwonea wivu siku hiyo, na sikuacha baadaye damu yangu ilipopanda, nilipoweza tena kufika mwinuko wa mkonge nikihema kama mtu na si kama nguruwe wa simenti. Siku hizi tunakimbia karibu sawa. Ni yeye ambaye bado yuko mbele kidogo, na daktari amenishughulikia yale mengine. Wivu si ugonjwa unaotibiwa kwa ndimu.

Siku mbili baada ya Kasigau wifi alinifuata kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa na noti amezikunja kwenye kitambaa.

"Ile ada uliyolipa, wifi. Na jezi. Na nauli ya siku ile uliyokuja kutushangilia. Nimevaa mimi, nimekimbia mimi. Si haki ulipe wewe."

"Weka."

"Nimeongea na ndugu yako, amesema nikurudishie."

"Mwambie nimesema uweke."

"Lakini ni zako."

"Najua ni zangu," nikasema. "Ndiyo maana."

Alikikunja kitambaa upya pale mlangoni, na nadhani alielewa, kwa sababu hakunibembeleza tena. Nikizipokea, kipande kile kimenunuliwa na ni chake. Nisipozipokea, basi alikikimbia kwa niaba yangu, namba nne ni mimi, na mtu yeyote akiuliza katika boma hili nani alilipia kuingia kule uwanjani kwa mbele, jibu ni moja. Ada elfu mbili, jezi mia tisa, nauli mia sita. Nilipoteza shilingi elfu tatu na mia tano.